Alama Uani kwa Mama

"Imehama yenyewe," mama alisema. "Vitu vya ofisi vina miguu. Hawakukufundisha hilo chuoni?"

"Mama, ile alama ya ramani ilipigiliwa misumari."

"Basi na misumari ina miguu."

Alikuwa amesimama katikati ya ua wake, mikono kiunoni. Nyuma yake mashuka yote aliyowahi kumiliki yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, likiwemo lile la maua alilozawadiwa siku ya harusi yake, ambalo sikumbuki kuliona kitandani hata mara moja. Hakuna shuka lililokuwa limefuliwa. Yalikuwa makavu, yananuka sanduku. Aliyatundika siku iliyotangulia, droni yetu ilipokuwa angani, ili isione kilichopo chini.

"Niambie tu uliipeleka wapi," nikasema.

"Kwani umekuja kama mwanangu au kama askari?"

"Nimekuja kikazi."

"Haya. Mtu wa kazi hukaribishwa mlangoni. Rudi mlangoni ukapige hodi."

Nilirudi. Nilirudi kweli mpaka kwenye mlango wa uani, nikagonga kwa ngumi, nikapiga hodi, na mama, aliyekuwa mbele yangu ananitazama usoni, hakuitika. Nikaingia bila kuitikiwa. Hivyo ndivyo ugomvi ule ulivyoanza, na mpaka unakwisha haukupata nafuu.

Nieleze kidogo kuhusu hiyo alama, maana watu wengi hudhani ramani siku hizi hujichora. Droni hupiga picha nyingi mno, kila moja ikimpandia mwenzake kidogo, na kompyuta huziunga kama fundi anavyounga vipande vya nguo. Lakini picha yenyewe haijui iko wapi duniani. Haijui kwa uhakika ni wapi palipoinuka na wapi palipobonyea, si kwa uhakika wa kumtosha mtu anayechimba mtaro. Kwa hiyo kabla ya kurusha, sisi hutandika alama chini, mahali palipo wazi, tukapima kila alama kwa fimbo ya kupimia yenye kichwa kama uyoga, inayosoma setilaiti. Kompyuta inaambiwa: ukiona alama hii, ujue uko hapa, kimo chake hiki. Alama ndiyo inayoshikiza picha ardhini. Ikichomoka moja ya pembeni, kona nzima hujikunja kama mkeka.

Alama zetu zilikuwa vipande vya turubai jeusi vyenye X kubwa nyeupe. Ziliagizwa hivyo, zikaja hivyo. Zilikuwa zimetumika mashambani na misituni bila kero yoyote, kwa sababu mti hauna kumbukumbu. Mtaani kwa mama watu wanazo.

Nilikuwa bado shule ya msingi siku tuliporudi nyumbani, mama na mimi, tukakuta X ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele. Mama alichukua brashi ya kufulia na kipande cha sabuni akaanza kusugua. Alisugua mpaka chokaa ikatoka, plasta ikatoka, brashi ikabaki na nywele za kuhesabika. Ile X haikufutika. Ilipauka tu, ikawa ya waridi, kama kovu linaloanza kupona. Tingatinga lilipokuja halikuuliza ni nyekundu au ya waridi. Tukahamia sebuleni kwa mjomba, tukawa watu wa kukunja godoro kabla wenye nyumba hawajaamka.

Ninachokikumbuka zaidi si tingatinga. Ni bwana mmoja aliyesimama pembeni, viatu safi, ameshika karatasi kubwa iliyotaka kumponyoka kwa upepo. Mama alimwendea akamwambia, "Hapa ni kwangu." Yule bwana hakumtazama mama. Aliitazama karatasi. Nilichungulia chini ya kiwiko chake: barabara ilikuwepo, shule ilikuwepo, hata daraja la miti lilikuwepo. Pale petu palikuwa peupe. Hatukuwemo.

Mama alitoka siku ile na funzo lake, kwamba wakikuona wamekumaliza. Mimi nilitoka na langu, kwamba wasipokuona wamekumaliza. Tumeishi na mafunzo hayo mawili katika ukoo mmoja, na siwezi kusema yameelewana.

Ndiyo maana nikasomea ramani. Diploma tu, sikuwa na subira ya zaidi, na tumbo langu lilikuwa tayari na binti ndani yake wakati wa mtihani wa mwisho. Wenzangu wa chuo wametawanyika kila mahali. Mmoja yuko shirika la umeme, anajua kila nguzo iliyoinama. Mwingine hutazama mashamba kwa setilaiti na kujua mahindi yaliyoanza kuugua kabla mwenye shamba hajavaa viatu. Mwingine anafukuzana na moto wa misitu akiwa kitini, anapiga simu: uko nyuma ya kile kilima, wahini. Mimi niliangukia kwenye maji. Maji ya mvua yanapita wapi, yanalala wapi, yanaua nani. Mtaani kwa mama waliniita Mama Setilaiti, na si kwa kunisifu. Nikipita, wanawake walikuwa wakivuta mapazia na kuambiana kwa sauti ya kunifikia, "Funika sufuria, mwenzetu anaona mpaka mboga."

Asubuhi ya siku ile ya ugomvi, kabla sijaenda kwa mama, tulikuwa ofisini tumekodolea skrini macho. Bosi wetu, tuliyemwita Mhandisi, alisimama nyuma ya kiti changu. Rubani, mwenzetu aliyekuwa akirusha droni, alikuwa akitafuna mkate. Mtaa mzima ulikaa sawa isipokuwa kona ya chini. Lile bonde ambalo kila mvua hugeuka bwawa lilikuwa limeinuka, limekuwa kilima. Programu ina uwezo wa kumwaga maji ya kubuni juu ya ramani ili uone yanakokwenda. Niliyamwaga. Yakatoka bondeni yakapanda.

"Maji yako yana kiburi," Rubani akasema.

Tulifungua picha moja moja. Droni ilipopita mara ya kwanza, alama ya kona ile ilikuwa imelala chini ya kamba ya nguo ya jirani. Ilipogeuka na kurudi, alama iko bombani. Ilipopita tena, haipo. Ilikuwa imetembea kuliko mchuuzi. Na mahali nilipoitandika na kuipima mimi mwenyewe palikuwa na mashuka, mashuka matupu. Tukatafuta kitu kingine chochote katika kona ile ambacho kingeonekana sawasawa ili tukakipime badala yake. Bati juu ya bati. Vivuli. Kamba za nguo.

"Nyumba ya nani hii yenye mashuka?" Mhandisi akauliza.

"Ya mama yangu."

Rubani akaacha kutafuna.

Mhandisi hakucheka wala hakukasirika. Angekasirika ningempenda zaidi. "Kona hii naikata," akasema.

"Ukiikata, mtaro wa mvua utakaochimbwa kwa ramani hii utaishia upande wa juu wa nyumba zao. Maji ya mtaa mzima yatamwagwa kwao."

"Najua. Lakini ramani yenye shimo ni afadhali kuliko ramani yenye uongo. Mtu akichimba kwa kufuata kilima hiki chako, atazamisha watu huku ana kibali mkononi."

"Irushwe tena."

"Droni inafungwa mchana, inakwenda kazi nyingine. Nipatie alama inayokaa, nitarusha kona hiyo peke yake. Usiponipatia, naikata na nitalala usingizi mzuri."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Ningependa sana awe mjinga.

Binti yangu sasa anasomea fani hiyohiyo, tena shahada. Majuzi aliniuliza somo gumu kuliko yote ni lipi, akitegemea nitamtajia hesabu. Nikamwambia: uani kwa bibi yako.

Basi nikawa nimesimama katika ua huo, na mama ananiambia misumari ina miguu.

"Muulize ilifikaje kwangu," sauti ikasema kutoka upande wa pili wa ukuta.

Alikuwa Fundi Cherehani, mwanamke jirani wa mama upande wa chini. Hawakuwa wamesalimiana kwa muda mrefu, na chanzo kilikuwa mteremko. Mama akimwaga maji ya kufulia, yanateremka yenyewe hadi mlangoni kwa Fundi, na Fundi aliamini kwamba yanatumwa.

"Mimi sijamwita mtu," mama akasema.

"Nilikuwa nashona zangu," Fundi akaendelea, uso wake sasa umechomoza juu ya ukuta, sindano bado iko mdomoni. "Natoka nje, nakuta turubai limelala chini ya kamba yangu, lina X. Nikajua ni zawadi ya jirani."

"Ukafanyaje, Fundi?" nikamuuliza.

"Nikazawadia mbele. Bomba halina mwenyewe."

"Na kutoka bombani?"

"Nasikia limefunika banda la kuku la mtu. Turubai zuri lile, halivuji."

Nilitaka kucheka. Nilimtazama mama, hamu ya kucheka ikaniisha. Mikono yake ilikuwa imeshuka kutoka kiunoni. Hakuwa anafanya utani. Alikuwa amelibeba lile turubai peke yake, mzee wa magoti mabovu, akalivusha ukuta akalitupa kwa adui yake, kwa sababu aliamini kabisa kwamba nyumba itakayolala nalo ndiyo itakayobomolewa. Na aliamini kwamba aliyelileta ni mimi.

Nikashusha begani turubai jingine. Kabla halijakunjuka vizuri, mama akalikanyaga.

"Nitalipindua nichore duara," nikasema. "Si X. Duara lenye nukta katikati, kama kifungo cha shati."

"Hata ukichora ua la waridi. Ni kumwonyesha mtu wa juu mahali pa kupiga."

"Hakuna mtu juu. Kuna kamera."

"Na kamera inampelekea nani?"

Nikashika njia nyingine. "Mama, usipokuwemo kwenye ramani, mtaro unaishia pale kwenye kona ya duka, na maji yote yanakuja hapa. Mvua iliyopita yalikufika wapi?"

"Magotini."

"Yatakufika kiunoni."

"Kiuno ni changu. Nitaogelea."

"Hujui kuogelea."

"Nitajifunza. Si wote tunahitaji diploma."

Fundi alikohoa kule ukutani. Nadhani kilikuwa kicheko, akakimeza pamoja na uadui wake.

"Safari ile hawakutuona," nikamwambia mama. Nilijua naligusa kovu na nililigusa makusudi, muda ulikuwa unakwenda. "Niliitazama karatasi ya yule bwana. Petu palikuwa peupe. Wangetuona wasingepitisha barabara juu yetu."

"Walituona. Waliona mpaka ukuta wa kupaka rangi yao." Akanisogelea. "Mimi nilisugua ukuta ule. Wewe ulikuwa umesimama pembeni umeshika ndoo. Nikajiambia, huyu nitamsomesha ili siku moja asiwepo mtu wa kumpaka rangi. Kumbe nakusomesha uje kuishika brashi."

"Sina brashi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, si kwangu bali kwa mashuka. "Tena nguo yenyewe niliifua kwa mikono hii mpaka ikapata cheti."

Kwa mbali nilisikia gari la ofisi likigeuza pale juu ya mtaa. Rubani alikuwa ameshafika na droni, anasubiri simu yangu.

"Haya," mama akasema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayefanya biashara. "Niapie."

"Nikuapie nini?"

"Kwamba hiyo ramani ikishakamilika, haji mtu na tingatinga kwenye ua huu. Niapie kwa mwanao. Ukiapa, natoa mguu."

Fundi Cherehani alitoa sindano mdomoni ili asikie vizuri.

Hapo ndipo ningeweza kumaliza kazi kwa neno moja. Ningesema naapa, angetoa mguu, ningerudi ofisini kabla ya chakula cha mchana. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kazi ile muda wa kutosha kujua mtaro ni kitu chenye upana. Mimi napima ardhi. Mstari unachorwa na watu wengine, katika chumba kingine, na katika kona ile hapakuwa na mahali pa kupitisha mstari pasipo na paa la mtu. Hakuna aliyekuwa ameuchora bado. Ungeweza kupita kwa mama. Ungeweza kupita kwa Fundi.

"Siwezi kuapa," nikasema.

"Unaona," mama akasema. Alilisema kwa upole kabisa, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko yote yaliyotangulia. "Yule bwana wa karatasi angalau hakutoka tumboni mwangu."

Leo najua mtaro ulipita wapi. Ulichukua jiko la nje la mama na kipande kikubwa cha ua wa Fundi, ukaziacha nyumba zote mbili zimesimama, na mvua zikinyesha maji hayaingii ndani. Mama alipikia barazani mpaka tulipomjengea jiko jingine, na hakuna siku moshi ulimwingia machoni bila kunitaja. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo, na sitaki mtu adhani niliyajua. Nilichokijua ni kwamba ramani inaweza kumbomolea mama yangu, na kukosa ramani kutamzamisha. La kwanza lilikuwa labda. La pili lilikuwa mvua ijayo.

Nikaliokota turubai nikalikunja. Mama akatoa mguu mwenyewe, akidhani nimeshindwa. Fundi naye alidhani hivyo, maana alirudisha sindano mdomoni.

Nilitoka, nikavuka njia hadi duka la vifaa vya ujenzi.

"Rangi nyeupe ya mafuta," nikamwambia muuzaji. "Ile ya kupaka mageti. Na brashi pana."

"Unapaka geti, mama?"

"Napaka uani kwa mtu."

Niliporudi sikupiga hodi. Nilianza na mashuka. Niliyaanua moja baada ya jingine, nikayakunja, kwa sababu nimelelewa, nikayapanga juu ya kiti chake cha uani, lile la maua juu kabisa lisipate vumbi. Jua likaingia kwenye ile sakafu ya saruji anayofulia nguo, mahali pekee katika kona nzima palipoitazama mbingu bila bati.

"Usithubutu," mama akasema.

Nikachukua fagio lake nikafagia.

"Nakwambia usithubutu. Mimi ni mama yako."

"Najua, mama."

"Ukipaka hapo, ukitoka leo usinikanyagie hapa mpaka nikuite. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikapiga magoti. Nilichora X. Duara lilikuwa la kubembeleza, na wakati wa kubembeleza ulikuwa umepita. Saruji ilikuwa kongwe na yenye kiu, ikanyonya rangi ya kwanza yote, ikabidi nirudie. Nikavuta mkono mmoja wa X kutoka karibu na kizingiti mpaka karibu na beseni, nikavuta wa pili ukaukata katikati. Rangi iliniingia kwenye kucha na kwenye pindo la sketi ya kazini. Nilisikia cherehani ya Fundi ikinyamaza, mlango wake ukifunguliwa, kisha mlango wa mama wa uani.

Nilipoinua kichwa, Fundi alikuwa ndani. Mwanamke ambaye alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya nyumba ile, alikuwa amesimama uani kwa mama na futi yake shingoni. Aliitazama X. Akanitazama mimi. Kisha akaenda kusimama upande wa mama, bega kwa bega, wakawa wawili na mimi niko chini.

"Mtoto gani huyu," akasema.

"Wangu," mama akajibu.

Nikasimama, nikaisimika ile fimbo ya kupimia katikati ya X. Ncha yake ikazama kidogo kwenye rangi mbichi. Nikaishika isitikisike mpaka kifaa kilipotulia, nikahifadhi kipimo, nikatoa simu mfukoni. Wale wanawake wawili hawakusogea.

"Rusha," nikamwambia Rubani.